Nani Apite Kwanza, Nani Asubiri

Hotuba kwa maafisa TEHAMA na wanafunzi wa mitandao ya kompyuta, Dodoma

Mgeni rasmi, walimu wetu, kaka na dada zangu maafisa TEHAMA mliotoka wilayani, nanyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: Mbukwenyi! Asanteni sana. Itifaki imezingatiwa.

Naomba nianzie hapohapo, kwenye neno itifaki. Tunaposema itifaki imezingatiwa tunakiri kwamba ukumbini humu upo mpangilio wa nani atajwe kwanza, nani akae mbele, nani afunge shughuli. Hakuna anayeona ameonewa. Mpangilio usingekuwepo, mwenye sauti kubwa ndiye angeshika kipaza sauti na asingekiachia.

Kompyuta nazo huongea kwa itifaki. Ile inayobeba zote, itifaki ya intaneti, iliandikwa Septemba 1981 katika waraka uitwao RFC 791, mhariri wake akiwa Jon Postel. Mimi niliposoma waraka ule kwa mara ya kwanza nilitafuta mahali paliposema pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, itafika lini. Hapapo. Pakiti ikifika kwenye ruta, kifaa kinachoelekeza pakiti njia ya kupita, hupelekwa mbele kama njia iko wazi. Njia ikiwa na shughuli, husubiri. Pa kusubiria pakijaa, hutupwa. Itifaki hii haiahidi muda, haiahidi hata kufika. Inasema nitajitahidi, basi. Waandishi waliacha baiti moja kwenye kichwa cha pakiti, sehemu ya mbele yenye anwani, ya kueleza aina ya huduma inayotakiwa, na kwa miaka mingi ruta nyingi zilipita juu ya baiti hiyo bila kuitazama.

Uamuzi ule ulikuwa wa busara, na ndio ulioifanya intaneti ikue haraka. Lakini ulituachia sisi kazi. Kwenye kila laini iliyojaa kuna mtu anasubiri. Nililokuja kusema leo ni hili: mtu huyo lazima achaguliwe na binadamu, kwa kufikiri, kabla laini haijajaa. Msipomchagua ninyi, atachaguliwa na yule mwenye mzigo mkubwa kuliko wote, na mzigo huo mara nyingi ndio wenye haraka ndogo kuliko yote.

Kila mmoja wetu ameshaambiwa dirishani: "Mtandao unasumbua, subiri kidogo." Mama ametoka Mpwapwa na basi la alfajiri, fomu zake zimo kwenye mfuko wa plastiki, anaambiwa hivyo. Anakaa kwenye benchi. Saa nne inampita, saa sita inampita. Na ukienda kuangalia, ndugu zangu, mara nyingi mtandao haujakatika hata kidogo. Taa za ruta zinawaka. Chumba cha pili kuna mtu anapakua mafaili na yanashuka vizuri tu. Ombi la mama huyu ni dogo, baiti elfu mbili tatu, ila limekaa nyuma ya mzigo wa mtu mwingine. Mfumo wa malipo umengoja jibu, umechoka, umekata.

Neno "unasumbua" ni kama neno "homa". Daktari hatibu homa kabla hajajua ni ya nini. Nasi tuulize: unasumbua vipi? Labda kasi ni ndogo, yaani biti zinazopita kwa sekunde ni chache. Labda pakiti zinachelewa. Labda ucheleweshaji wenyewe unayumba, pakiti moja ifike kwa milisekunde 20, inayofuata 90, ya tatu 35. Labda zinapotea njiani. Hayo ni maradhi manne, na dawa zake hazifanani. Tumezoea kupima lile la kwanza kwa sababu kasi ndiyo inayouzwa dukani na kubandikwa kwenye mabango.

Chukueni simu ya sauti inayopita kwenye mtandao wa ofisi. Kwa usimbaji wa kawaida uitwao G.711, yaani namna ya kugeuza sauti kuwa biti, sauti inatoa kilobiti 64 kwa sekunde. Kila milisekunde 20 simu inafungasha baiti 160 za sauti, inaweka baiti 40 za vichwa juu yake, inatuma. Hizo ni pakiti 50 kila sekunde, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, ni kilobiti 80 kwa jumla. Laini ya megabiti 10 ingebeba simu zaidi ya mia moja za namna hiyo. Kwa upande wa kasi, simu haigombani na mtu. Inachodai ni muda. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linasema mazungumzo huenda vizuri sauti ikifika upande wa pili ndani ya milisekunde 150, na mtandao usipangwe kwa ucheleweshaji unaozidi 400. Katikati ya hapo mnajua wenyewe kinachotokea. Unaanza kusema, mwenzako naye anaanza, wote mnanyamaza, kisha wote kwa pamoja: "Endelea wewe."

Sasa pigeni hesabu. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita kama 450. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Umbali wote huo unamalizwa kwa milisekunde mbili na ushee. Hata mkongo ukizunguka mara mbili ya barabara, bado ni milisekunde nne tano. Mtu wa mtaa wa Kisasa hapa Dodoma akimpigia mwenzake wa Kariakoo na sauti ikachelewa nusu sekunde, Gairo na Morogoro hazihusiki. Muda ule umeliwa kwenye foleni.

Zamani tulikuwa na kisingizio cha kweli. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, njia yetu kuu ya kwenda nje ilikuwa satelaiti iliyokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka tu kulikula milisekunde 240, na fundi gani angeiongeza kasi ya mwanga? Foleni ni kitu kingine. Foleni tumeitengeneza wenyewe na tunaweza kuitengua wenyewe.

Nitawapeleka kwenye foleni niliyokulia. Nimelelewa Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, na maji tulikuwa tunayakinga kwenye kioski chenye bomba moja. Dumu la lita 20 lilijaa kwa dakika moja hivi. Mama mwenye dumu lake moja, uji uko jikoni, anafika na kumkuta kijana wa mkokoteni mwenye madumu kumi na mbili. Kwa kanuni ya aliyewahi ndiye wa kwanza, mama huyu atasimama dakika kumi na mbili kwa ajili ya dakika moja. Bomba halina kosa, linatoa maji yaleyale.

Wazee wa mtaa waliweka utaratibu, na hakuna aliyewafundisha nadharia yoyote. Mwenye mkokoteni akikinga madumu mawili anasogea pembeni, anapisha mmoja mwenye dumu moja, kisha anarudi. Mwenye msiba au mwenye mgonjwa anapita mbele moja kwa moja, lakini kwa dumu moja tu. Akitaka kujaza mapipa ya msiba anaingia foleni kama wengine. Yule kijana hakupoteza chochote cha maana: mkokoteni wake ulijaa asubuhi hiyohiyo, kwa kuchelewa kidogo. Wale kina mama walipata asubuhi yao.

Ndani ya utaratibu ule mna karibu kila kitu ambacho mtasomeshwa kuhusu ruta. Kupokezana kwa haki kati ya mikondo, yaani misururu ya pakiti za mazungumzo mbalimbali. Daraja la kipaumbele. Na kikomo juu ya kipaumbele, ambacho mafundi wengi hukisahau: ukiruhusu kundi la mbele lipite bila kipimo, siku litakapokua litawaua kwa njaa wote walio nyuma yake.

Hesabu ya foleni ilianza na simu. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen kule Denmark, alichapisha maandishi yake ya kwanza kuhusu namna simu zinavyoingia bila mpangilio. Kutokana na mti huo tumepata kanuni moja ambayo ningependa muichore ukutani ofisini. Kwa foleni rahisi ya mlango mmoja, wateja wakija bila mpangilio, laini ikitumika nusu, muda wa kupita ni mara mbili ya ule wa laini tupu. Ikitumika asilimia 80, ni mara tano. Asilimia 90, mara kumi. Asilimia 95, mara ishirini. Mnaona inavyopinda? Toka 90 hadi 95 ni hatua ndogo kwenye grafu, lakini kusubiri kumeongezeka maradufu. Na ile grafu ya wastani wa dakika tano tunayomwonyesha mkurugenzi haina habari na haya. Laini inaweza kujaa kabisa kwa sekunde nane, ikatulia, ikajaa tena, na grafu ikasema asilimia 40. Simu ya daktari ilikatika katika zile sekunde nane.

Nimesema daktari kwa sababu ninaye mmoja kichwani.

Kuna kituo cha afya katika mikoa hii ya kati, sitakitaja. Daktari wa pale alikuwa na kikao cha video na bingwa wa hospitali ya rufaa kila mchana, wakiangalia wagonjwa pamoja. Kila mchana picha inaganda, sauti inakatikakatika. Wakaniita. Nilikuta laini ya megabiti 5 kushuka, yaani kupokea, na 2 kupanda, yaani kutuma. Nikatazama grafu, nikaona ya kushuka imejaa, nikawashauri wanunue 10. Walikusanya fedha ambayo kituo kama kile hakiipati kirahisi, wakalipa. Baada ya wiki daktari akanipigia: "Dada, tumelipa na hali ni ileile."

Nilirudi nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilipima muda wa pakiti kwenda na kurudi laini ikiwa tupu: milisekunde 28. Kisha nikamwambia mtu wa mionzi atume picha moja, na nikaendelea kupima. Ikapanda 200, 900, 1,600, ikasimama juu ya 2,000. Sekunde mbili nzima! Nikaachia simu za wafanyakazi zipandishe picha zao kwa waifai, ikabaki hukohuko juu.

Shida ilikuwa upande wa kupanda, na kule tulikuwa hatujanunua kitu. Picha ya eksirei ya megabaiti 20 kwenye megabiti 2 inahitaji sekunde 80 hata ikiwa peke yake. Hilo lisingekuwa tatizo, picha inaweza kungoja. Tatizo lilikuwa modemu. Ndani yake mlikuwa na bafa, sehemu ya pakiti kusubiria, ya kilobaiti 500 hivi. Zidisha kwa nane upate biti milioni nne, gawanya kwa megabiti 2, unapata sekunde mbili. Kila pakiti ya sauti ya daktari ilikuwa inaingia nyuma ya sekunde mbili za eksirei.

Kwa nini bafa ijae? Hapa inabidi tumwelewe TCP, itifaki iliyo kama dereva anayeendesha sehemu kubwa ya mizigo yetu na kuamua mwendo wa kutuma. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake, umbali wa mzunguko mmoja wa njia ya riadha, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arobaini! Kila kompyuta ilikuwa ikiona pakiti imechelewa inaituma tena, na kutuma tena kulizidisha msongamano. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alichunguza jambo hilo, na mwaka 1988 akachapisha dawa ambayo bado iko kwenye damu ya intaneti. Mtumaji aanze taratibu, aongeze, aongeze, na pakiti ikipotea ajue njia imejaa, apunguze nusu. Kwa hiyo pakiti kupotea ni ujumbe. Ni njia inayosema: punguza.

Mnafahamu sasa modemu ilivyomziba masikio? Watengenezaji waliona kutupa pakiti ni aibu, na kumbukumbu za vifaa zimekuwa za bei rahisi, wakaongeza bafa. TCP anaongeza mwendo akisubiri aambiwe apunguze, na hakuna anayemwambia hadi bafa yote ijae. Jim Gettys, mtaalamu wa programu za kompyuta, alilipigia kelele jambo hili tangu mwaka 2010, baada ya kuliona nyumbani kwake. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson yuleyule wakaleta njia iitwayo CoDel. Haihesabu pakiti ngapi zimo kwenye foleni, inatazama kila pakiti imekaa humo muda gani. Foleni ikishindwa kushuka chini ya milisekunde 5 kwa muda wa milisekunde 100, inaanza kutupa pakiti moja moja, ili watumaji wasikie mapema. Ndugu yake FQ-CoDel anaongeza utaratibu wa kupokezana kati ya mikondo. Kupisha mwenye dumu moja. Vyote viwili vimeandikwa rasmi katika RFC 8289 na 8290 za Januari 2018, na vimo kwenye mfumo wa Linux bila malipo. Wanafunzi, hamhitaji ruta ya mamilioni kujaribu hili usiku wa leo bwenini.

Pale kituoni nilichukua kompyuta ndogo ya zamani, nikaifanya lango. Jambo la kwanza lililotusaidia kuliko yote ni hili, na naomba mliandike. Nilizuia upande wa kupanda kwenye megabiti 1.8, chini kidogo ya ile 2 ya laini yenyewe. Watu huuliza, unapunguzaje laini ambayo ni ndogo tayari? Ni kwa sababu foleni hukaa palipobana. Ukiacha pabane ndani ya modemu, foleni itakaa kwenye modemu usiyoiamuru. Ukibana wewe kidogo kabla, foleni inahamia mezani kwako, na hapo unaweza kuipanga. Nilipima tena eksirei ikiwa njiani: milisekunde 45. Tulitoa sehemu moja ya kumi ya kasi, tukapata mazungumzo.

Kisha nikakaa na watu wa kituo tupange madaraja. Nilikuja na orodha yangu: video ya daktari kwanza, kisha mfumo wa matibabu na malipo, kisha eksirei, kisha mengine. Muuguzi mmoja mtu mzima, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, akasema, "Mwanangu, majibu ya damu kutoka maabara ya wilaya yanakuja kwa mtandao huohuo. Daktari akikatika atapiga tena. Mama aliye chumba cha kujifungulia anavuja damu, yeye hapigi tena." Nilifuta orodha yangu. Majibu ya maabara ni madogo mno, hayali hata sehemu ya mia ya laini, na kwa ujuzi wangu wote nilikuwa nimeyatupa kwenye "mengine". Tangu siku ile sipangi foleni ya mtu yeyote nikiwa peke yangu na kompyuta.

Niwape zana zenyewe kwa haraka, maana warsha ya mchana itazirudia. Kwanza ni kutambua: hii pakiti ni ya nini? Rahisi na imara zaidi ni kutambua kwa mahali ilikotoka, kompyuta ya daktari huku, waifai ya wafanyakazi kule, kila moja kwenye mtandao wake mdogo. Pili ni kuweka alama. Ile baiti ya mwaka 1981 ilipewa maana mpya Desemba 1998 katika RFC 2474: biti 6 za alama, thamani 64. Alama 46 imekuwa desturi ya sauti. Zipo alama 12 nyingine za mizigo ya kawaida, madaraja manne, na kila daraja lina ngazi tatu za kutupwa pakizidi msongamano. Biti mbili zilizobaki zilipewa kazi mwaka 2001, ruta iweze kumwambia mtumaji "punguza" bila kuitupa pakiti.

Kabla ya hapo palikuwa na fikra nyingine, kwamba kila mazungumzo yakate nafasi njia nzima kabla ya kuanza, kwa itifaki ya RSVP ya mwaka 1997. Ni nzuri kwenye karatasi. Ruta ya katikati ingelazimika kukumbuka mazungumzo ya kila mtu, na kwenye mtandao mkubwa hiyo haibebeki. Kwa hiyo dunia ilichagua alama: pembeni uchambue kwa makini, katikati usome biti sita upite.

Tatu ni kudhibiti kiasi, na hapa kuna njia mbili ambazo wanafunzi huzichanganya kila mwaka. Njia ya mizani ya barabarani: lori limezidi uzito, kilichozidi hakipiti. Na njia ya simtanki la nyumbani: maji ya mgao yanakuja kwa nguvu saa nane usiku, tanki linayameza, na asubuhi bomba linatoa mkondo tulivu. Mizani inatupa, tanki linachelewesha. Sauti ipimeni kwa mizani yenye ndoo ndogo, kwa kuwa sauti iliyochelewa haina kazi. Mafaili yawekeeni tanki. Ndoo nayo ni ile ya tokeni: tokeni zinadondoka kwa mwendo maalum, pakiti inachota tokeni ili ipite, na ukubwa wa ndoo ndio unaoamua mtu aruhusiwe kufululiza kwa muda gani.

Na msiamini alama inayotoka kwa mtumiaji. Programu yoyote inaweza kujibandika 46. Kioski chetu kisingedumu kama kila mtu angesema ana msiba bila wazee kuuliza. Futeni alama mlangoni, muweke zenu. Vilevile mjue alama zenu zikivuka kwenda intaneti ya wazi zinaweza kufutwa au kupuuzwa na mtandao unaofuata, labda muwe na mkataba na mtoa huduma, kwa mfano njia ya MPLS, ambayo mtoa huduma huwatengea ninyi, kati ya matawi yenu. Ndiyo maana ninasisitiza lango lenu. Palipobana pengi pako pale, na pale ni penu.

Ninajua mnajiuliza: mkongo wa taifa umefika, Serikali imehamia hapa tangu tangazo la mwaka 2016, Mtumba imejaa majengo, uwezo unaongezeka kila mwaka. Foleni si itajifia? Kumbukeni Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kusini mwa Afrika, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Waliokuwa na laini ya kutosha kila siku ya mwaka waliamka hawana ya kutosha. Siku ile hakuna fedha ambayo ingenunua uwezo, maana haukuwepo. Kilichobaki ni swali la kioski: maji yaliyopo apewe nani? Wiki ile nilipita ofisi kadhaa. Palipokuwa na karatasi iliyokubaliwa zamani, fundi aliifungua na kufunga masasisho ya kompyuta na video za kujifurahisha, malipo na barua pepe zikaendelea kwa kusuasua. Pasipokuwa nayo, watu walikuwa wanabishana kwenye korido huku laini ikiliwa na simu zinazopandisha picha za harusi.

Jambo la mwisho ni zito kidogo, naomba mnivumilie. Zana hizi zina nguvu ya kuonea. Anayeweza kumpitisha mgonjwa mbele anaweza pia kumpitisha mkubwa anayetazama mpira, au kuichelewesha programu ya mshindani hadi wateja waikimbie wakidhani ni mbovu. Mimi msimamo wangu ni huu. Ndani ya taasisi yako una haki na wajibu wa kupanga, ila mpango uandikwe, ubandikwe, na kila unayemchelewesha aweze kuuliza kwa nini. Kwa anayeuzia umma, achague kwa aina ya mahitaji, sauti na mafaili, na asichague kwa jina la aliyetuma. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inazo kanuni za ubora wa huduma na inapima. Nasi tupime, tuwe na namba zetu mkononi tunapokwenda kulalamika. Na kupanga foleni hakuhitaji kusoma barua za watu. Biti sita na anwani zinatosha.

Tukitoka hapa kuna chai. Baada ya chai, kabla hamjaingia kwenye warsha, kila aliyetoka wilayani ampigie mwenzake aliyebaki ofisini. Apime muda wa pakiti kwenda na kurudi kwa dakika moja, laini ikiwa tulivu. Kisha apandishe faili kubwa, apime tena dakika moja faili likiwa njiani. Aandike namba zote mbili. Wakati anapima, mwambieni amuulize mtu wa dirishani, yule anayewatazama wananchi usoni, ni kazi gani tatu ambazo zikichelewa sekunde kumi mtu anaumia. Njooni na namba mbili na kazi tatu. Tutaanza na wa Kondoa kwa sababu ametoka mbali, kisha Mpwapwa, kisha Kongwa, na mwenye namba ya pili kubwa kuliko wote tutaijenga laini yake hapa mezani, mbele ya kila mtu.

Asanteni kwa kunisikiliza.